Wembe wa Mina na sindano ya Jeddah: kinga ya UKIMWI kwa wasiohesabiwa Saudia



Kila tukikaa watu wa pwani huku ughaibuni, yakazuka mazungumzo ya Saudia, hukosi mtu atakayesema: "Ah, kule UKIMWI hakuna bwana, wao wanapima watu kabla hawajaingia." Nimelisikia neno hili Jeddah kwenyewe, nilikoishi miaka sita nikisomesha. Nimelisikia Muscat. Nimelisikia hata London kwa mtu mwenye shahada tatu. Na kila likisemwa watu huitikia kwa vichwa, kama kwamba jambo limekwisha. Naomba leo tulitazame sawasawa, kwa sababu nyuma yake wapo watu wetu wanaoumia. Hoja yangu ni moja: kumpima mtu na kumkinga mtu ni mambo mawili mbalimbali. Riyadh na Jeddah zimelifanya la kwanza kwa bidii kubwa, na la pili kwa kuchagua nani anastahili.

Kwanza utaratibu wenyewe, kwa wasioujua. Mtu anayekwenda kufanya kazi Saudia, awe dereva, fundi au mfanyakazi wa ndani, hupimwa mara mbili. Mara ya kwanza ni huku kwetu, katika vituo vilivyoidhinishwa na nchi za Ghuba. Zamani mfumo huu ulijulikana kwa jina la GAMCA, siku hizi huitwa Wafid. Anatolewa damu na mkojo, anapigwa picha ya kifua, mwanamke anapimwa na mimba. VVU, homa ya ini B na C, kaswende, kifua kikuu: ukikutwa na kimojawapo umefeli medikali, safari imekwisha, na pesa uliyompa wakala imekwenda na maji. Aliyefaulu akifika Saudia anapimwa tena kabla hajapewa iqama. Akikutwa na VVU, iqama hapati na hurudishwa kwao. UNAIDS ilipotoa orodha yake mwaka 2019 ilihesabu nchi na maeneo 48 yaliyokuwa bado na vizuizi vya namna hii kwa watu wenye VVU, na Saudia imo.

Sasa, kipimo hiki kinakinga nini? Kinajua hali ya mtu siku ile aliyotolewa damu, basi. Aliyeambukizwa wiki mbili kabla anaweza kupita salama salimini, kwa kuwa virusi huchukua wiki kadhaa kuonekana kwenye vipimo, na kwa vipimo vya zamani ilikuwa hadi miezi 3. Na aliyeingia akiwa mzima hana kinga yoyote aliyopewa pale. Hakuna aliyemkalisha akamwambia ugonjwa huu huambukizwa vipi, aende wapi likimpata la kumpata. Amepigwa muhuri wa kufaa, kama mzigo bandarini.

Na takwimu nazo zina hila yake. Mwaka 2004 daktari Tariq Madani na wenzake walichapisha hesabu ya miaka 18, kuanzia 1984 mgonjwa wa kwanza alipogunduliwa hadi 2001. Walioonekana kuwa na VVU nchini Saudia kwa muda wote huo walikuwa 6,046, na katika hao raia wa Saudia walikuwa 1,285 tu. Msomaji wa haraka atadakia: si mnaona, ni wageni hao! Lakini hebu jiulize nani alikuwa akipimwa. Mgeni hakuweza kupata iqama bila kutoa damu. Mwenyeji alipimwa akiugua, au akienda kuchangia damu, au jamaa yake akikutwa nayo. Ukitia mkono kwenye ndoo moja tu, usistaajabu kwamba samaki wote wametoka ndoo hiyo. Wenyewe Wasaudi walikuja kuliona hili: mwaka 2008 VVU na homa ya ini B na C viliongezwa katika vipimo vya lazima kabla ya ndoa, ambavyo tangu 2004 vilikuwa vya seli mundu na talasemia peke yake. Na raia akikutwa nayo hatupwi. Anapata ushauri, anapata dawa bure, na mwaka 2018 ikatoka sheria maalumu ya kujikinga na UKIMWI na haki za walioambukizwa. Nasema haya ili isionekane nawasingizia watu ubaya. Serikali ile inajua vizuri sana namna ya kumhudumia mgonjwa wa UKIMWI. Suala ni mgonjwa gani.

Nitawaeleza habari ya dada mmoja wa Tanga. Jina lake halina haja.

Alikwenda Riyadh kufanya kazi za ndani. Alifaulu medikali Dar es Salaam, akafaulu tena alipofika. Alikaa miaka miwili na ushee kwa watu wale, akalea watoto wawili wa mwenye nyumba mpaka mdogo akawa anamwita mama. Siku moja akaambiwa iqama inashughulikiwa, akapelekwa akatolewa damu. Baada ya siku chache kafili akampigia simu mkewe, mkewe akaingia chumbani akamwambia afunge nguo zake. Hakuambiwa kitu. Alipelekwa mahali akachukuliwa alama za vidole, akawekwa na wanawake wengine waliongojea tarhil, wa Ethiopia, wa Indonesia, akakaa siku kumi na moja. Mara mbili aliuliza kosa lake, akajibiwa kwa Kiarabu neno moja, "marad", na askari wa kike akasogea nyuma. Yeye alidhani ni kifua, kwa sababu alikuwa akikohoa mle ndani, baridi ya viyoyozi. Akapandishwa ndege, mshahara wa miezi mitatu ukabaki huko.

Alifika nyumbani akanyamaza. Nani atakayetaka kusema amefukuzwa? Akaolewa. Mwaka mmoja na nusu baadaye, mjamzito, akaenda kliniki, wakampima kama wanavyopimwa wajawazito wote, na hapo ndipo alipojua. Mumewe naye akapimwa, naye akawa nayo.

Nimelijua jambo hili kwa sababu shangazi yake alinipigia akitaka nimsaidie kudai ule mshahara, maana alisikia nasoma Kiarabu. Aliambukizwa vipi kule sikumwuliza na wala si kazi yangu. Ninachokiona ni hiki: mahali fulani Riyadh kulikuwa na karatasi yenye majibu yake. Mtaalamu wa maabara aliyasoma, karani aliyasoma, kafili aliambiwa, askari alijua. Mtu pekee asiyeambiwa ni mwenye damu. Kama angepewa barua moja tu ya rufaa, hata katika bahasha iliyogundishwa, angeanza dawa wiki ile aliyotua. Utafiti mkubwa uliotolewa matokeo mwaka 2011, kwa wanandoa ambao mmoja anavyo virusi na mwingine hana, ulionyesha kwamba mwenye virusi akianza dawa mapema, hatari ya kumwambukiza mwenziwe hupungua kwa 96 kwa 100. Leo tunajua zaidi: anayemeza dawa sawasawa hata virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana kabisa. Basi yule mume angekuwa mzima. Kipimo cha Riyadh kilifanya kazi yake barabara, na bado kikaongeza mgonjwa mmoja duniani.

Hili la mfanyakazi wa ndani lina upande mwingine ambao tunaogopa kuutaja, nami nautaja. Wapo wanaoingiliwa kwa nguvu katika nyumba wanazofanyia kazi. Dawa ya kuzuia maambukizi baada ya tukio kama hilo ipo, na sharti lake ni moja: ianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Sasa mtazame mwanamke ambaye pasipoti yake iko kabatini kwa kafili, simu anapewa Ijumaa, mlango una ufunguo asio nao. Saa 72 kwake ni nini? Na hata akitoka, akienda kusema, anaweza yeye mwenyewe kuulizwa habari ya zinaa, hasa akiwa ameshika mimba. Kwa hiyo hanyanyui mdomo. Watu wa afya husema "hawaji kwenye huduma". Waje vipi?

Jeddah ni mji mwingine na Riyadh. Jeddah ni bandari, mji uliozoea watu wa kila rangi, na Waafrika wamekuwepo pale karne kwa karne: waliokuja kuhiji wakabaki, waliozaliwa pale bila ya karatasi za nchi yoyote, wanaokuja kwa viza ya umra wakapotea mjini. Wengi wao walikaa kusini ya mji, mitaa kama Karantina. Jina lenyewe linajieleza, ni karantini, mahali ambapo zamani mahujaji waliwekwa wachunguzwe maradhi. Mtaa wa watu waliotengwa kwa hofu ya maradhi ukaja kuwa mtaa wa watu wanaoogopa hospitali. Kwani hospitali ya serikali inauliza iqama. Asiye na iqama huenda kwa mtu anayejua kuchoma sindano chumbani, sindano ambayo hujui imetoka kwa nani. Hapo mnaona jinsi hofu ya kufukuzwa inavyotengeneza maambukizi hata kwa mtu aliyekwenda kutibiwa malaria. Mitaa hiyo imebomolewa katika kampeni kubwa iliyoanza 2021, na Karantina ikaenda nayo. Watu hawakuyeyuka. Wametawanyika, na sasa hata kuwapata ni kazi.

Katika miaka ya 2000 ukitaka kuona hofu hii kinyume chake ungekwenda chini ya daraja la Kandara. Walilala pale mamia kwa mamia, wanawake na watoto wachanga, wakingojea wakamatwe warudishwe kwao bila kulipa nauli. Watu wanaoomba kufukuzwa! Nilipita pale mara nyingi nikienda kazini na, niseme kweli, mara nyingi niligeuza uso. Kundi la watu mia kadhaa mahali pamoja, kila siku, hatua chache kutoka barabarani. Kama mtu angetaka kutoa elimu, kupima kwa hiari, kugawa barua za rufaa, pale palikuwa mahali pake.

Wako pia wale ambao hata sisi kwa sisi hatupendi kuwataja: wanawake wanaouza miili, na wanaume wanaokwenda na wanaume. Sheria ya nchi ile ni kali mno juu yao, adhabu inaweza kufika kifo. Sitaki kufungua mjadala wa halali na haramu, kila mmoja wetu anayo madrasa yake. Nauliza swali la kidaktari tu: mtu ambaye akifungua mdomo mbele ya daktari anaweza kupoteza kichwa, daktari atamtibu kitu gani?

Nakuja kwenye unga. Dawa inayotamba zaidi Saudia ni kaptagoni, vidonge vya kumezwa, na mirungi inayopenya kutoka Yemen kupitia Jazan. Hivyo haviambukizi UKIMWI kwa namna yake. Lakini heroini ipo na wanaojidunga wapo, Wasaudi kwa wageni. Tangu miaka ya 1980 serikali ilijenga hospitali maalumu zilizoitwa Al-Amal, Riyadh, Jeddah na Dammam, na sheria ya mwaka 2005 inasema anayejipeleka mwenyewe kutibiwa hashitakiwi. Hilo ni jambo zuri na halikuja bure. Katikati ya miaka ya 1990 madaktari wa Jeddah waliwapima wagonjwa wa Al-Amal. VVU vilikuwa nadra sana kwao. Lakini homa ya ini C walikuwa nayo wengi mno. Makala ya homa ya ini, kwa wanaopenda kujua, ilichapishwa 1997 katika East African Medical Journal, pale Nairobi. Yaani habari ya Jeddah ilitua mlangoni kwetu na hatukuisoma.

Kwa nini homa ya ini C ni habari kubwa? Kwa sababu kirusi chake husafiri kwa damu, na kwa wanaojidunga maana yake ni kwamba sindano moja inazunguka. Ni sawa na kuona nyayo za mwizi uani: hajaiba bado, lakini njia ya kuingilia anaijua. Siku VVU vitakapoingia katika duara lile vitapita njia ileile. Palipotoka onyo namna hiyo, nchi nyingine ziligawa sindano safi na kuanzisha methadoni. Al-Amal zilijengwa juu ya msingi wa kuacha kabisa: uingie, usafishwe damu, upewe mawaidha na ushauri, utoke. Anayeweza, hongera yake. Asiyeweza akirudi mtaani hana daraja la katikati. Na mgeni akishikwa na unga mambo yake si ya hospitali. Mwaka 1987 baraza la maulamaa wakuu lilitoa fatwa ya kuuawa wanaoingiza dawa za kulevya, na hukumu hizo zilisimamishwa kwa muda kisha zikaanza kutekelezwa tena Novemba 2022.

Nikisema hivi hapakosi mtu wa kuniambia: "Wewe wataka nchi takatifu igawe sindano kwa mateja?" Basi twendeni Mina.

Kila mwaka, zaidi ya watu milioni moja na laki nane kwa mfano mwaka 2023, huhiji, na wanaume wengi mno hunyolewa vichwa katika siku moja au mbili. Zamani vinyozi walikaa pembezoni mwa njia na wembe mmoja ukipita vichwa kumi. Damu ya huyu kwa huyu. Wakubwa wa afya wa Saudia waliliona: homa ya ini B, homa ya ini C, VVU, vyote hupita kwa wembe. Wakafanya nini? Hawakusema watu wasinyoe. Hawakusema kila hujaji apimwe kwanza, atakayekutwa na maradhi asinyolewe. Waliweka vinyozi wenye leseni waliopimwa, wembe mpya kwa kila kichwa ukitumika unatupwa, wakawahimiza mahujaji waje na nyembe zao, na vinyozi wa vichochoroni wakawa wanafukuzwa. Kinyozi wa Mina hakuulizi umetoka wapi wala umefanya nini maishani. Anafungua kikaratasi, anatoa wembe mpya.

Hiyo, waungwana, ndiyo elimu nzima ya kupunguza madhara. Jambo litafanyika, basi lifanyike bila kupitisha damu. Najua kunyoa ni ibada na kujidunga ni maasi, si kitu kimoja. Lakini kirusi hakijui tofauti hiyo, na mke wa anayejidunga hakufanya maasi yoyote.

Wala si geni kwenye fiqhi. Wanafunzi wetu wa mwanzo kabisa pwani husoma kanuni ya kwamba dhara iondolewe, na kwamba yakikutana madhara mawili huchukuliwa lililo jepesi. Malaysia waliitumia kanuni hiyo wazi. Mwaka 2002 walipata karibu wagonjwa wapya 7,000 wa VVU, wengi wao wa sindano. Wakaanza methadoni 2005, sindano safi 2006, mashekhe wakiwemo mezani, na 2010 methadoni ikatolewa hata msikitini Kuala Lumpur. Muongo ule wagonjwa wapya walishuka chini ya 4,000 kwa mwaka. Iran nayo, nchi yenye sheria kali kama tunavyoijua, mkuu wa mahakama Ayatollah Shahroudi aliandika waraka mwaka 2005 kuwaambia waendesha mashitaka wasiwazuie wanaotoa sindano na methadoni. Sisemi Iran ni pepo. Ndugu wawili Alaei, madaktari walioanzisha kliniki za namna hiyo Kermanshah, walifungwa jela mwaka 2008 kwa mashitaka ya siasa. Na Jeddah kwenyewe ndiko makao ya baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu. Baraza hilo, katika kikao cha 1995 huko Abu Dhabi, lilitoa azimio juu ya UKIMWI, na ndani yake likasema kwamba kumtenga mwenye maradhi haya si wajibu kisheria, kwa kuwa hayaambukizi kwa kukaa pamoja. Askari wa kike wa Riyadh aliyesogea nyuma hakulisoma.

Mtu atauliza, na sisi kwetu? Kwetu tumechelewa lakini tumefika. Zanzibar ni funzo zuri kwa sababu inafanana na Saudia kwa jambo moja: kwa watu wote kwa jumla VVU viko chini ya 1 kwa 100, hivyo rahisi kujidanganya kwamba hakuna kitu. Uchunguzi wa 2007 ulipowafikia wanaojidunga ulikuta karibu 16 kwa 100 wanavyo. Wastani mdogo ulificha shimo refu. Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni Februari 2011, ya kwanza ya umma katika bara letu kusini ya Sahara. Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014 pale Mathari, kisha Malindi na Mombasa, na Zanzibar ikaanza 2015 pale Kidongo Chekundu. Namna yake ni nyepesi: teja anakuja kila siku, anakunywa dawa ya maji mbele ya muuguzi, arosto haimshiki mpaka kesho yake, hana haja ya kete wala sindano. Kwenye dirisha lilelile, akiwa na VVU, anaweza kupewa na ARV zake. Wazee wengine waligomba wakisema ni kubadilisha unga kwa unga. Wengine kati ya hao hao, baada ya mwaka, walikuwa wakiwasindikiza watoto wao asubuhi.

Ila dirisha hilo lilisimama kwa pesa za wafadhili, nyingi zikiwa za Marekani, na Januari 2025 misaada hiyo iliposimamishwa ghafla vituo vingi vya mitaani vilitikisika, vingine vikafunga milango. Hapa ndipo nchi zetu na Saudia zinapokutana. Ndege za tarhil zinatua Nairobi, Dar na Entebbe, na mtu anashuka hana karatasi, hajui hali yake, na kituo ambacho kingempokea labda hakipo tena.

Sina matumaini kwamba Riyadh itabadili sheria ya iqama kwa sababu ya maneno yangu. Lakini yapo yanayowezekana bila kubadili sheria hata moja. Serikali zetu zinatia saini mikataba ya kazi na Saudia; Uganda walifanya 2015, wakasimamisha mapema 2016, wakarudi tena 2017. Mikataba hiyo huzungumzia mishahara na pasipoti. Sijaona kipengele kisemacho aliyefeli medikali apewe majibu yake mkononi kwa lugha anayoijua, na barua ya rufaa. Kingewagharimu nini? Balozi zetu zina watu wa kuzungumza Kiswahili. Namba moja ya simu inayojibiwa usiku, na mtu anayejua habari ya saa 72, ni mshahara wa mtu mmoja. Na wale wanaowafunda wasichana kabla ya safari, wanaowafundisha kutumia mashine ya kufulia na kusema "na'am madam", waongeze nusu saa: ukirudishwa bila kuambiwa sababu, usikae, nenda ukapime wiki hiyo hiyo.

Sisi wenye elimu, tulio huku na huku, tunaweza walau kuacha kusema kule hakuna.

Yule dada yuko Tanga. Mtoto wake wa kike alizaliwa salama, hana virusi, kwa sababu kliniki ya wajawazito ilifanya kazi yake. Yeye na mumewe wanakunywa dawa, na mara ya mwisho aliponipigia alisema virusi havionekani. Mshahara wa miezi mitatu hatukuupata. Aliniuliza kama naweza kuandika barua nyingine, safari hii siyo ya pesa, anataka ile karatasi ya majibu ya Riyadh, aone imeandikwa tarehe gani. Nimeandika mara mbili. Haijaja.